Blanketi la Watu Watano

Kwa miaka kumi na tisa Aroni Kalinga hakuwahi kumshika mkono mama mkwe wake. Hakuwahi kula naye meza moja, wala kuvuka mlango wa chumba chake, wala kumtazama usoni zaidi ya muda wa kusema kamwene, salamu ya kwao. Hapakuwa na ugomvi. Kwa Wahehe wa upande ule wa Mufindi ndivyo heshima inavyokwenda: mkwe wa kiume na mama wa mkewe wanapishana kwa mbali, na likiwapo neno la kupeleka, linapelekwa na mtu wa katikati. Mtu wa katikati alikuwa Bertha, mke wa Aroni. Bertha akiwepo, mambo yote yalikwenda. Lakini mwaka ule ugonjwa ulipopanda kwa mara ya tatu, katika baridi ya mwezi wa saba, Bertha alikuwa Mbeya kwa mdogo wake aliyejifungua kwa upasuaji. Mtoto wao Marcelino na wadogo zake walikuwa shule ya bweni. Aroni akabaki na mama mkwe ng'ambo ya bonde, na baina yao hakuna mtu.

Utaratibu huo wa kukaa mbali ulimfaa Aroni kuliko alivyowahi kukiri. Alikuwa mtu wa haya tangu utotoni. Aliishia darasa la saba, akaenda kupanga mbao kwenye kiwanda kidogo cha kupasua magogo pembeni mwa barabara ya Mgololo, na miaka ishirini ilimkuta palepale, akilaza ubao juu ya fito na fito juu ya ubao ili mbao zikauke bila kupinda. Ni kazi isiyodai maneno. Wenzake walimwita Spika, kwa sababu mapumziko mazima ya chai yangeweza kuisha hajafungua kinywa. Aliyempa jina hilo alikuwa Isakwisa, fundi wa msumeno kutoka Tukuyu, mtu wa kucheka sana.

"Mheshimiwa Spika, leo hoja yako ni ipi?"

"Naafiki," Aroni angejibu, na Isakwisa angecheka mpaka vumbi la mbao limpalie.

Mama mkwe wake, Evarista, alikaa upande wa pili wa bonde, mahali ambapo Aroni akitoka mlangoni asubuhi aliona moshi wa jiko lake kabla hajaona kitu kingine. Alikuwa mjane, mwanakwaya, mwanamke wa sauti kubwa na mikono isiyotulia. Tangu ugonjwa uingie, mwaka wa kwanza, yeye ndiye aliyekuwa tegemeo la kitongoji. Watu hawakupenda kuutaja ugonjwa kwa jina. Walisema changamoto ya kupumua, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Hospitali waliiogopa, maana walisikia wanaokwenda hawarudi. Kwa Evarista walikwenda.

Kila Jumamosi mchana alichemsha sufuria kubwa, ile ya kupikia ubwabwa wa sherehe, akatia majani ya mkaratusi, mchaichai, malimao yaliyopasuliwa na ncha changa za msonobari. Alikuwa amechukua mablanketi mawili mazito akayashona yakawa moja, ili watu watano waingie kwa pamoja. Alikuwa na sababu. Mwezi wa saba kule ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, kuni ni mbichi, na kuuwasha moto wote ule kwa ajili ya pua moja aliona ni kuutupa. Basi wanne waliizunguka sufuria, magoti yakigusana, vichwa vimekutana, mlango wa jiko umefungwa baridi isiingie. Wa tano alikuwa Evarista mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekoroga. Walivuta pumzi kwa nguvu, wakakohoa, wakacheka, wakatoka wakifuta machozi na kamasi, na wanne wengine wakaingia. Yeye hakutoka. Alikaa na kila kundi mpaka maji yalipopoa. Na hakumdai mtu hata ndimu.

Katika kitongoji kizima Aroni alikuwa mmoja wa wachache ambao hawajaingia humo. Angewezaje kukaa chini ya blanketi moja na mama mkwe?

Mwezi wa tano walikuja watafiti kutoka Mbeya. Kiongozi wao alikuwa mwanamke wa Kinyakyusa, Dokta Andendekisye, mfupi, mwepesi wa miguu, aliyevaa barakoa hata akiwa peke yake shambani. Walihitaji mwenyeji wa kuwaongoza nyumba kwa nyumba, na mwenyekiti wa kitongoji, Rabson, akamsogeza Aroni mbele.

"Chukueni huyu," alisema Rabson. "Siri za watu zikiingia kwake hazitoki. Hata zake mwenyewe hazijawahi kutoka."

Walipita kaya mia moja na kumi na mbili. Waliuliza nani amekohoa, mnalala wangapi chumba kimoja, dirisha linafunguka au limepigwa misumari, mnajifukiza, na kama mnajifukiza, mnakaaje. Kisha waliomba tone la damu kidoleni. Damu ile, dokta alieleza, inaonyesha kama ugonjwa umeshapita mwilini, hata kwa mtu ambaye hakujisikia kuumwa. Watu waliogopa. Ilisemwa kwamba damu inakwenda kuuzwa, ikasemwa pia kwamba sindano ndiyo inayoleta ugonjwa wenyewe. Kila nyumba Aroni alitoa kidole chake kwanza bila kusema kitu, mpaka vidole vyote kumi vikawa na alama.

Walipofika kwa Evarista, alisimama kwenye uzio na kugeuza mgongo.

"Mbona umetupa kisogo?" dokta aliuliza.

"Ni kwa ajili ya mkwe wangu hapa."

"Mama mkwe? Kwetu ni mkamwana anayemkwepa baba mkwe. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba. Kumbe huku mnaokimbiana ni mama mkwe na mkwe wa kiume."

"Hatukimbii, dokta. Tunasimama mbali."

"Mngesimama hivyo na kila mtu," alisema dokta, akivaa glavu, "mimi ningekuwa nyumbani nimelala."

Walichukua damu, wakaondoka. Wiki zikapita, baridi ikaingia, na kikohozi kikaanza kusikika kanisani, dukani, kwenye foleni ya kusaga mahindi.

Dokta alirudi wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Alimkuta Aroni kiwandani, akamvuta nyuma ya mabunda ya mbao ambako msumeno haukuwazidi sauti.

"Majibu yametoka," alisema. "Kesho nayasoma shuleni mbele ya watu. Nataka wewe uyajue leo. Katika nyumba ambazo watu hawajifukizi, au kila mtu anajifukiza peke yake, kwenye kila watu kumi ugonjwa umewapitia wawili. Katika nyumba ambazo watu wanaingia chini ya blanketi moja, umewapitia sita. Tumepiga hesabu upya. Tukaangalia labda ni umri, labda ni wingi wa watu chumbani. Bado tofauti iko palepale."

Aroni alitazama vumbi kwenye viatu vyake. "Ni majani?"

"Majani hayana kosa. Mvuke unafungua pua, basi. Kinachoua ni pumzi. Mmoja akiwa na ugonjwa, wote watano wanavuta kilichotoka kifuani mwake, na mlango umefungwa. Na sasa hivi unaenea haraka kuliko mwezi wa tano. Yule anayekaa humo kutoka kundi la kwanza mpaka la mwisho ndiye ninayemwogopea. Una habari ninamsema nani."

"Ninayo."

"Sitataja jina kesho. Lakini hapa sufuria kubwa ni moja. Nenda jioni hii ukamwambie mama, ayasikie kwako kwanza. Asije akaaibika mbele ya watu." Akatoa mfukoni kidude kidogo kama kibanio cha nguo. "Na hiki nakuachia. Mtu akizidiwa, mbane nacho kidoleni. Namba ikiwa chini ya tisini na mbili usingoje kitu, mpeleke hospitali. Namba yangu ya simu unayo."

Jioni ile Aroni alivuka bonde. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno kama anavyopanga mbao, moja juu ya lingine, na yalikuwa yamekaa vizuri mpaka alipofika kwenye uzio. Evarista alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, akichambua majani ya mkaratusi.

"Kamwene, mama," alisema Aroni akiwa palepale nje.

"Kamwene, mkwe. Habari za kazi?"

"Nzuri."

Evarista alingoja aendelee. Aroni aliona mikono yake ikiendelea kuchambua, jani zuri huku, jani bovu kule. Kumwambia mtu uliyekatazwa hata kumtazama kwamba kazi yake ya mwaka mzima inaua watu, ungeanzia wapi? Kinywa kilifunguka, na kilichotoka ni kingine kabisa.

"Kuni zipo?"

"Zilizopo ni mbichi."

"Nitaleta mabanzi ya kiwandani. Yamekauka."

"Mungu akubariki, baba."

Kesho yake alfajiri aliyabeba mabanzi hayo kwa toroli, mizigo miwili, akayapanga nje ya jiko. Kabla ya hapo alikuwa amempigia Bertha simu.

"Mwambie mama Jumamosi hii apumzike," alisema.

"Kwa nini?"

"Apumzike tu. Amechoka."

Bertha alipeleka neno kama alivyopewa, na jibu likarudi: mama anasema mwambie mkwe hajachoka, na asante kwa mabanzi.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, watu wamejifunga mablanketi mabegani. Dokta alisema yote taratibu, bila kutaja jina. Alisema hawajui kila kitu, utafiti wao ni wa kitongoji kimoja tu, lakini walichokiona wamekiona. Aliomba watu wafungue madirisha, wakae mbalimbali, wavae barakoa kanisani, na wazee wakachanje chanjo itakapofika. Aliposema habari ya blanketi, macho ya watu yalihama moja moja na kwenda kutua kwa Evarista, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi katikati ya wanakwaya wenzake.

"Dokta, wewe umekuja na gari lenye joto," mtu alisema nyuma. "Sisi tukifungua madirisha tutakufa kwa nimonia kabla ya huo ugonjwa wako."

Watu walicheka kidogo. Evarista hakucheka. Alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mume wa Paskalina alijifukiza kwangu, na amekufa mwezi wa pili," alisema. "Mzee wa zamu ya kanisa alijifukiza kwangu. Na yeye tumemzika. Sasa niambie wewe uliyesoma. Ni mimi niliyewaua?"

Dokta alivua miwani.

"Hapana, mama. Ulikuwa unawasaidia kwa ulichokijua. Siku zile hata sisi tulikuwa hatujajua. Ninachoomba ni kuanzia leo."

Lakini Evarista alikuwa amekwisha geuka na kuondoka. Alipita karibu na Aroni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alimtazama usoni. Bila shaka aliona kwamba mkwe wake alikuwa anajua tangu jana. Aroni aliinamisha kichwa.

Jumamosi ile walikwenda watu wengi kuliko siku zote. Walikwenda kwa ajili yake, kumwonyesha kwamba hawakuyaamini yaliyosemwa. Walikwenda hata waliokuwa wameacha. Justine, dereva wa trekta la kiwanda, alikwenda na mkewe. Isakwisa alikwenda, ingawa alikuwa anakohoa tangu Alhamisi, na kwa sababu alikuwa anakohoa walimpa nafasi ya karibu na sufuria. Aroni alisimama mlangoni kwake, ng'ambo ya bonde, akitazama moshi. Ulikuwa moshi mwembamba, safi, wa kuni kavu. Alihesabu makundi sita. Mara mbili alishuka mpaka mtoni, na mara mbili alirudi. Jumamosi iliyofuata sufuria kubwa haikutelekwa; ilisemwa mama ana mafua.

Siku ya tisa, asubuhi, moshi haukuonekana.

Aroni alijiambia ni ukungu. Alikwenda kazini, na kule akakuta mashine ya msumeno imezimwa: Isakwisa alikuwa amelala siku ya tatu, na hakuna aliyetaka kwenda kumwona. Saa nane ukungu ulikuwa umeondoka, na Aroni alirudi nyumbani bila kuaga. Jiko la ng'ambo lilikuwa limekaa tu, bati lake kavu, kuku wamejaa mlangoni kama wanaongoja kufunguliwa.

Alivuka. Nje ya uzio alimkuta Paskalina, yule jirani mjane, amesimama na mjukuu mgongoni, kitambaa cha kanga kimefunika mdomo.

"Nimepiga hodi tangu asubuhi," Paskalina alisema. "Anaitika, lakini haji. Anaitika neno moja moja."

"Ingia umwone, mama."

"Baba Marcelino, nina huyu mtoto. Mama yake yuko Dar, ameniachia mimi. Mume wangu nimeshamzika. Usiniambie niingie."

"Basi nipe mtu mwingine wa kike."

"Nani? Wote walikuwa naye Jumamosi ile. Wamejifungia ndani, kila mmoja anasikiliza kifua chake."

Aroni alipaza sauti kuelekea dirishani. "Mama."

Kilichojibu ni kitu kama msumeno butu unaovutwa kwenye mti mkavu. Ilikuwa ni pumzi. Ilivutwa, ikakwama, ikatoka, na kabla haijamaliza kutoka nyingine ikaanza kuvutwa. Alipiga simu kwa dokta.

"Ingia umpime," dokta alisema.

"Siwezi kuingia. Ni chumba cha mkwe."

"Aroni."

"Siwezi, dokta. Haijawahi kuwa. Nitamtazamaje?"

"Usimtazame. Shika kidole tu. Vaa barakoa mbili, fungua dirisha, usikae. Kama unangoja mtu wa katikati, atakayekuja ni padri."

Simu ikakatika au aliikata mwenyewe, hakujua. Alikuwa na hofu mbili na hakujua ipi ni kubwa. Ya kwanza ilikuwa mle ndani, hewani, haionekani, na ilikuwa imekwisha laza watu wenye vifua vipana kuliko chake. Ya pili ilikuwa ya tangu zamani, ya babu zake, na ilimshika miguuni. Alivaa barakoa mbili alizokuwa nazo mfukoni, akavuka ua. Alivuka jiko. Mlangoni kwa chumba alisimama, akabisha hodi.

Ndani palikuwa na giza na harufu ya mkaratusi. Alikwenda dirishani kwanza, akalipiga kwa kiganja mpaka misumari ikaachia. Mwanga ulipoingia aliona kitanda, rozari imening'inia kwenye msumari, viatu vya kanisani vimepangwa chini, na akaona aibu kana kwamba ameviiba kwa macho. Evarista alikuwa amekaa ameegemea ukuta, mdomo wazi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Nani?"

"Mimi, mama. Aroni."

"Toka." Alivuta pumzi. "Toka, mkwe. Unaniona."

"Sikuoni, mama. Nimeangalia chini."

Na kweli alikuwa ameangalia chini. Alipiga magoti, akapapasa juu ya blanketi mpaka akaupata mkono. Ulikuwa wa baridi na mgumu, mkono wa jembe, na ndiyo mara ya kwanza aliushika. Akabana kidude kidoleni. Namba zilicheza, zikakimbia, zikatulia. Sabini na tisa. Akadhani kimekosea, akahamishia kidole kingine. Sabini na saba.

"Twende hospitali, mama."

"Kule hawarudi."

"Hapa pia hutabaki."

Hakujua maneno hayo yalitoka wapi. Kifua cha Evarista kilipanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa. Kisha alivuta kanga na kujifunika uso wote, mpaka chini ya kidevu, na Aroni akaelewa kwamba hiyo ndiyo ruhusa. Aligeuka, akachuchumaa, akamvuta mgongoni kwake, akamfunga kwa shuka kama mtoto. Hakuwa mzito. Hilo lilimtisha kuliko namba.

Rabson alikuwa ameleta pikapu yake barabarani baada ya kupigiwa na Paskalina. Aliona mkwe amembeba mama mkwe mgongoni mchana kweupe, akawahi kufungua mlango wa gari, macho pembeni.

"Shusha vioo vyote," Aroni alimwambia.

"Na baridi hii?"

"Vyote."

Walikwenda hadi Mafinga upepo wa baridi ukiwapiga masikio, malori ya mbao yakiwapita. Sikio la Aroni lilikuwa kwenye kanga. Kila mara kitambaa kilipoingia mdomoni na kutoka, alihesabu. Karibu na mji kitambaa kilitulia. Aliita mama mara tatu kabla hakijatikisika tena, na katika mara hizo tatu aliona mabanzi yote aliyoyabeba kwa toroli, moja baada ya jingine.

Hospitali walimpokea kwa haraka, wakamwekea oksijeni, wakamlaza kifudifudi. Muuguzi alimwambia Aroni arudi nyumbani akae peke yake siku kumi na nne, asipikiwe, asitembelewe. "Na ukiona unashindwa kupumua, usione haya kuja," alisema.

Alikaa. Bertha alifika kutoka Mbeya kesho yake, na hakuingia. Alilala kwa Paskalina, akawa anakwenda kumwangalia mama yake kwa dirishani, na jioni alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe akimpa mumewe habari kwa sauti.

"Leo amekunywa uji vijiko viwili."

"Kesho?"

"Kesho sijui, Baba Marcelino. Na wao hawajui."

Kila asubuhi Aroni alijipima kabla hajatoka kitandani. Tisini na sita. Tisini na tano. Siku ya sita kidude kilisema themanini na tisa, na alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza kifua chake, akawaza watoto, akawaza nani atamfunika uso. Akaupuliza mkono, akausugua kwenye goti mpaka ukapata moto, akajipima tena. Tisini na sita. Ilikuwa baridi ya vidole tu. Alilia kidogo, na kwa kuwa alikuwa peke yake hakuona haya.

Siku ya kumi Rabson alisimama barabarani akamwita. Isakwisa alikuwa amekataa kwenda hospitali, ndugu zake wakamchukua kumpeleka kwao Tukuyu, akafia njiani. Hakuna aliyempima, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni nini. Walisema changamoto ya kupumua.

Siku ya kumi na nne, saa tano asubuhi, simu ililia. Ilikuwa namba ya Bertha, lakini aliyesema hakuwa Bertha.

"Mkwe."

Aroni alisimama, ingawa alikuwa peke yake chumbani. "Naam, mama."

"Bertha hataki kuniambia. Wauguzi wanasema hawajui." Sauti ilikuwa nyembamba, na kila maneno machache ilitua kupumzika. "Wale wa Jumamosi ile. Wote wazima?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni: wazima. Lilikuwa jepesi, lilikuwa la heshima, na mgonjwa angelala nalo vizuri. Aroni aliona kuwa ndivyo hivyo hivyo alivyosimama kwenye uzio akaulizia kuni.

"Isakwisa amefariki, mama."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa oksijeni tu. Alidhani amemuua. Alikaza simu sikioni mpaka ikamuuma.

"Wengine?"

"Wengi wamepona. Justine na mkewe wana wiki wanakohoa."

"Wamekwenda hospitali?"

"Hawajaenda. Wanasema wanakungoja wewe. Urudi uwafukize."

Alisikia Evarista akivuta pumzi, ndefu, ya shida, kama mtu anayejitayarisha kunyanyua mzigo.

"Nenda kwao," alisema. "Leo."

"Nimwambie Bertha aende?"

"Usimtume mtu. Wewe unajua, tangu siku ile ulikuwa unajua. Waambie mimi ndiye niliyesema. Waambie ninapumulia bomba. Wasiningoje." Akapumzika. "Na nyumba zote, mkwe. Mlango kwa mlango. Uzitaje namba zile za dokta."

Aroni alivaa barakoa, akatoka. Mchana ulikuwa wa kijivu. Nyumba ya Justine ilikuwa imefungwa mlango na madirisha, na kitambaa kimesokotwa chini ya mlango kuzuia baridi. Kutoka ndani alikisikia kile kikohozi kikavu, cha wawili, wakipokezana. Alirudi hatua mbili nyuma, na hapo akasimama.

"Hodi," alisema.

"Nani?"

"Aroni Kalinga. Msifungue mlango kwanza, fungueni dirisha. Nimetumwa na Mama Bertha."

Dirisha halikufunguka. Watu wa nyumba ya jirani walikuwa wametoka nje, wanamtazama. Aroni alikaza sauti ili wao pia wasikie, akaanza na habari ya blanketi.